Nitobolee Tundu Moja Tu

Kuanzia leo sitobolei mtu tundu la mkanda. Sitobolei jirani, sitobolei shemeji, sitobolei mchungaji wala imamu. Mtu ambaye tumbo lake limepungua au limeongezeka aende kwa daktari, aende akakimbie ufukweni Coco, aende popote anapoona panamfaa, lakini asigonge geti langu jua likizama, mkono mmoja umeshika suruali na mwingine umeshika mkanda. Naandika haya gazetini kwa sababu nyumbani nimeyasema mpaka sauti imekauka, na mtaani kwetu Tabata habari ilishaenea zamani kwamba yule mzee wa geti la kijani "ana kile kidude".

Kidude chenyewe ni panchi. Kipande cha chuma, mdomo wake wa mviringo umenolewa. Unakisimamisha juu ya ngozi, unakigonga, kinatoa tundu safi. Mtu angedhani ndicho kifaa pekee ninachomiliki duniani. Ninacho kisu cha kupunguza unene wa ngozi. Ninayo bikari ya kuchorea mstari unaofuata ukingo, ninazo patasi za meno za kupangia mishono, ninao msharasi wenye mpini wa mpingo, ninazo sindano, nta, jiriwa ya mbao, msasa wa kila aina. Vyote nilivinunua kwa fedha ambazo mama watoto anaamini zilikwenda kwenye bima ya gari. Hajawahi kutokea mtu akapiga hodi na kusema, "Mzee, nimekuja kuuona msharasi wako." Wanataka tundu.

Nilianza kushona ngozi nikitafuta utulivu. Wenzangu wana bao, wana bia, wana Simba na Yanga za kuwapandisha presha. Mimi nikitoka kazini nakaa barazani na kipande cha ngozi, nakata pochi, mkanda, ala ya kisu, mfuko wa miwani. Ni kazi inayotaka mtu asisemeshwe, kwa kuwa ngozi ikishatobolewa imetobolewa. Fundi cherehani akikosea anafumua, kitambaa kinasahau. Ngozi haisahau hata alama ya ukucha. Sasa wewe umeinama, umeshusha pumzi, kisu kiko katikati ya mstari, ndipo geti linapogongwa: "Hodi! Mzee upo? Nitobolee tundu moja tu, nakwenda msibani."

Wana misimu yao. Ramadhani ikifika katikati wanakuja waliopungua, wanataka tundu la ndani. Idi ikipita wanarudi, wanataka la nje. Januari wanashuka waliokuwa Moshi na Bukoba kwa sikukuu, wamekula ndizi na nyama za wiki mbili, wanataka la nje zaidi, mpaka ncha ya mkanda inabaki fupi haifiki hata kwenye kitanzi. Jirani yangu wa nyumba ya pili ana mkanda wenye matundu kuliko filimbi. Nilimwambia, ndugu yangu, huu ukipuliziwa utatoa kaswida. Akacheka, akasema basi niongeze moja kati ya la nne na la tano.

Kati ya la nne na la tano! Hapo ndipo ninapoishiwa dini. Mkanda uliotengenezwa na mtu mwenye akili timamu una matundu matano, kila moja likiwa mbali na mwenzake inchi moja, yaani milimita 25 hivi. La katikati ndilo lako. Unapimwa kuanzia pale bizimu linapokunjia ngozi mpaka kiunoni panapofungwa, tundu la tatu linawekwa hapo, na mawili ya kila upande ni akiba ya misukosuko ya maisha. Mwenye kuhitaji la sita hahitaji tundu, anahitaji mkanda mwingine. Na mwenye kuchomeka tundu katikati ya matundu mawili yaliyokuwepo anaacha daraja la ngozi lisilozidi upana wa punje chache za mchele, halafu ulimi wa bizimu unalila kila siku mpaka matundu matatu yanakuwa ufa mmoja. Hapo atarudi kwangu kulalamika kwamba nimemharibia.

Tena afadhali wanaokuja mkanda ukiwa mzima. Wengi wameshajaribu kwanza kwa msumari. Msumari hautoboi ngozi, unaisukuma. Nyuzinyuzi zake zinatanuka pembeni, zinachanika, na kesho tundu linataka kujifunga tena huku limeacha michubuko iliyozunguka. Kuna mabingwa wanaouchoma msumari kwenye jiko la mkaa kwanza ili upenye kwa urahisi. Kwa hakika unapenya. Unaiunguza ngozi pande zote, inakuwa ngumu, inakatika kwa vipande, na nyumba nzima inanuka nywele zilizoungua. Panchi kazi yake ni nyingine kabisa: inakata kiduara na kukiondoa, ukingo unabaki mkali, hakuna kilichosukumwa wala kuchanwa. Milimita nne au tano zinatosha kwa ulimi wa bizimu la kawaida. Ukitaka liwe la kitaalamu zaidi unatoa tundu la mviringo mrefu, kama unayo panchi yake, nami ninayo, lakini nayo haijawahi kuombwa na mtu.

Jirani mwingine aliniona mchoyo wa wakati, akaniambia, "Mzee usihangaike, niazime tu nikajitobolee." Nikamwazima. Nikamweleza kwa utaratibu: chini weka ubao wa plastiki au gogo la mti mlaini, juu gonga kwa nyundo ya mbao. Aliweka mkanda juu ya sakafu ya saruji na kugonga kwa nyundo ya chuma, ile ya kupigilia misumari ya bati. Panchi ilirudi mdomo umepinda, kichwa kimechanua, na sakafu yake ina duara nzuri sana sebuleni. Alichosema ni kwamba kidude changu ni cha Kichina.

Na nyumbani je? Nyumbani kuna vita vya visu. Kisu cha ngozi lazima kiwe kikali kiasi cha kupita bila kusukumwa, maana kisu butu kinaivuta ngozi, kinainua mstari, na mwishowe kinateleza kuja kwenye kidole. Nakinoa juu ya jiwe, halafu nakipitisha mara kadhaa juu ya kipande cha ngozi nilichokigandisha kwenye ubao na kukipaka ile nta ya kijani ya kung'arishia chuma. Unakivuta kwenda nyuma tu, ukikisukuma kwenda mbele unaikata hiyo ngozi ya kunolea. Baada ya hapo kinanyoa vinyweleo vya mkono. Nikakiweka juu ya kabati, nikaenda kuoga. Niliporudi kilikuwa kimemenya ndizi mbichi zote za mchana, na mama watoto alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tuhamie hapa. "Baba, kumbe tuna kisu ndani ya nyumba, na unakificha!"

Utomvu wa ndizi kwenye chuma kile mtu asikuambie.

Nilipolalamika akauliza kuhusu ubao wake wa plastiki wa kukatia mboga, ambao kwa sasa una alama za matundu yasiyoelezeka. Hoja hiyo tuliiahirisha. Lakini ilifuata ya siki. Nitaeleza ili wasomaji waamue wenyewe. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti unaweza kuipaka weusi bila rangi ya dukani. Unachukua siki nyeupe, unatumbukiza ndani misumari iliyoshika kutu au ile steliwaya ya kusugulia masufuria baada ya kuiosha mafuta yake, unaiacha siku nyingi bila kukaza kifuniko kwa sababu inatoa gesi. Chuma kinayeyuka polepole. Ukiipaka ngozi maji hayo, chuma kinakutana na tanini ya magome iliyomo ndani yake na ngozi inageuka nyeusi mbele ya macho yako, weusi wa ndani, usiochuja kwenye suruali ya mtu. Ni jambo zuri sana kulitazama. Hayo nilikuwa tayari kuyaeleza kwa yeyote, lakini mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, hakuuliza. Alifungua kabati akitafuta siki ya kachumbari. Chupa aliikuta, akaitikisa, akasikia misumari. Tangu siku hiyo akizungumza na ndugu zake kwa simu husema, "Mkwe wangu hajambo, ila anafanya mambo yake," na hakuna aliyemuuliza ni mambo gani, ndiyo maana nina wasiwasi.

Turudi kwenye ngozi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo lawama inapostahili kugawanywa vizuri zaidi. Nchi hii ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi kabisa. Ukisafiri barabara ya Dodoma utasimama kuwapisha. Basi nenda katafute kipande kimoja cha ngozi safi cha urefu wa mkanda uone. Mfugaji wetu akitaka kumpiga chapa ng'ombe anachagua pale panapoonekana kutoka mbali: paja na ubavu, mahali penyewe ambapo ngozi ni nzuri. Ng'ombe huyo akapita kwenye miiba ya migunga, akajikuna kwenye seng'enge, akapandwa na kupe, akapigwa fimbo kutoka Shinyanga mpaka Pugu mnadani, na mwisho mchinjaji mwenye haraka akamalizia kwa kumchana kisu wakati wa kuchuna. Unaitandaza ngozi mezani na unasoma maisha ya marehemu toka utotoni. Muuzaji kwa upande wake anakuuzia kwa futi ya mraba, na futi zake zinahesabu chapa, matundu, na vile vipande vya miguuni ambavyo hata ala ya ufunguo havitoi.

Na si kila mahali pa mwili panafanana. Ngozi ya mgongo imeshikana, haitanuki ovyo. Ya tumboni imelegea, ina haki ya kulegea, ilikuwa inabeba majani. Mtengeneza mikanda asiye na huruma anakata mikanda yake huko tumboni kwa sababu ni rahisi, na mkanda huo ukivaliwa miezi michache unarefuka. Mwenyewe anafunga tundu la mwisho, bado suruali inashuka, anajitazama kwenye kioo na kuamini amekonda. Anakuja kwangu anachekacheka. "Mzee, mazoezi yamekubali." Naupinda mkanda, naona unavyovutika, na nabaki njia panda. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo mtu anayeamka alfajiri kukimbia. Nikinyamaza nitatoboa tundu. Mara nyingi nanyamaza.

Halafu kuna kundi la orijino. Hili kundi lina mikanda ya "ngozi orijino ya Italia" iliyonunuliwa Kariakoo kwa mtu aliyeiwashia kiberiti mbele yao, ikapitishwa motoni sekunde moja, haikuungua. Sekunde moja hata shati langu haliungui. Anayetaka kujua aache kiberiti, aangalie ukingo uliokatwa na upande wa nyuma. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizosukana ovyo, hazina mpangilio, na vinyweleo vya juu havikupangwa kwa rula. Cha bandia kina plastiki juu, kitambaa chini, na vinyweleo vinavyojirudia kila baada ya sentimita chache. Kilicho cha hila zaidi ni cha vipande: vumbi na chenga za ngozi zimesagwa, zikachanganywa na gundi, zikapakwa plastiki, na muuzaji akipeleka mkono kwenye Biblia au Msahafu atakuwa hajaapa uongo sana.

Sasa panchi ina tabia moja mbaya. Kile kiduara kinachobaki ndani yake hakifichi kitu. Shemeji yangu alikuja na mkanda aliopewa na mchumba wake, zawadi ya siku ya kuzaliwa, uko kwenye sanduku lake bado. Nikagonga. Kikatoka kiduara chenye plastiki nyeusi juu, plastiki nyeusi chini, na katikati karatasi ngumu ya boksi, safi kabisa, ungeweza kuandika juu yake. Shemeji akakichukua, akakigeuza, akakitia mfukoni bila neno. Wiki hiyohiyo nilipigiwa simu na huyo mchumba akiniuliza nina ugomvi gani naye.

Ngozi ya kweli nayo ina makabila mawili, na hapa naomba msomaji anivumilie maana ndipo ninapojua kidogo. Ipo ya kromu na ipo ya magome. Ya kromu inadabaghwa kwa chumvi za madini hayo kwa siku moja au mbili, inatoka na rangi ya samawati, laini, haiogopi maji, na ndiyo iliyojaa duniani: viatu, makochi, mikoba. Ya magome inalazwa kwenye maji ya tanini kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Tanini hiyo hutoka kwenye magome ya miti kama miwati, mti wa asili ya Australia uliotapakaa Njombe, ambako kampuni ya miwati ipo tangu mwaka 1949. Kwa mtu wa kushona kwa mkono, ngozi ya magome ndiyo ngozi. Ukiilowesha inalainika, unaibana kwenye umbo la simu au la kisu, ikikauka inabaki na umbo hilo. Wahenga walisema ngozi ivute ili maji, nami nina hakika aliyesema kwanza alikuwa na kipande cha ngozi ya magome mapajani na watoto waliokuwa wakimsumbua. Ya kromu ukiivuta ikiwa maji inakutazama tu, ikikauka inarudi ilivyokuwa. Hata kingo zake hazisuguliki.

Kusugua kingo ni starehe ambayo siwezi kumweleza mtu akanielewa. Ukishashona, unakata zile pembe kali za ukingo kwa kikwaruzo chake, unapiga msasa mkavu, unapaka maji kidogo, unachukua kipande cha mbao ngumu chenye mfereji, unasugua. Unasugua haraka, joto linapanda, nyuzinyuzi zinalala, ukingo uliokuwa na manyoya unaanza kung'aa. Unaongeza nta ya nyuki, unasugua tena kwa kitambaa. Tabaka mbili za ngozi zinaonekana zimekuwa moja, huoni palipogundishwa. Mjomba wangu kutoka Handeni alinitazama nikifanya hivyo jioni nzima, asiseme kitu, akavuta sigara yake mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama watoto na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Anaumwa?"

Nami nimewaona walimu wa intaneti. Kila mmoja anaanza kwa kusema huhitaji vifaa vingi, kisu na sindano vinatosha. Nyuma yake ukutani zimening'inia patasi mia. Dakika ya tatu anasema "sasa chukua kile cha kukatia pembe namba mbili", na wewe unasimamisha video, unakwenda kuagiza cha kukatia pembe namba mbili, ambacho kinasafiri baharini mpaka unasahau ulikuwa unatengeneza nini. Kinafika kimetengenezwa kwa chuma laini. Unakinoa, kinakunja. Unakiweka kwenye droo pamoja na wenzake.

Kushona ndiko kunakoleta wachambuzi. Vijana wa mtaani wananikuta nimebana jiriwa ya mbao katikati ya mapaja, uzi mmoja una sindano mbili, moja kila ncha, na kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka kulia na moja kutoka kushoto. "Mzee, si ungempelekea fundi mwenye cherehani, dakika mbili tu?" Nawaeleza. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazokamatana katikati ya unene wa ngozi. Ukikatika mmoja, mshono mzima unaanza kufumuka kidogokidogo. Mshono wangu ni uzi mmoja unaopita pande zote mbili. Ukikatika upande huu, wa upande ule bado umeshika. Ndivyo yanavyoshonwa matandiko ya farasi, na mtu akianguka toka juu ya farasi kwa sababu ya mshono hakuna wa kumwambia pole. Vijana wanasikiliza, wanakubali kwa vichwa, kisha mmoja anasema, "Lakini Mzee, wewe huna farasi."

Sina. Nina simu, inayolia kila ninapokuwa na sindano mikono yote miwili. Uzi wenyewe unaukata mrefu mara nne ya mshono unaotaka kushona, unaupitisha kwenye nta, na kwa mkanda mzima unakuwa unafungua mikono na kurusha viwiko huku na huko kwenye baraza la mita mbili. Mtoto akipita na chai ni bahati yake. Matundu ya mishono unayapangia kwa patasi ya meno, milimita tatu au nne kutoka jino hadi jino, kisha msharasi unamalizia kupenya. Sindano ni butu makusudi, kwa maana kazi yake ni kufuata njia iliyokwisha kufunguliwa, si kuchoma uzi wa mwenzake. Mama mkwe aliikalia moja kwenye kochi na kuripoti kwamba si butu kiasi hicho.

Mtu pekee niliyetarajia angenielewa ni fundi viatu wa pale kituoni, chini ya mwarobaini. Huyu ndiye bingwa wa kweli. Kisu chake ni kipande cha msumeno wa chuma alichokinoa, msharasi wake una kindoano nchani cha kuvutia uzi wa nailoni, ana nyundo, kopo la gundi na kipande cha tairi. Kwa hivyo vitano anashona kiatu kilichofumuka kote huku anabishana kuhusu penalti ya jana, na hatazami mkono wake. Nilimpelekea begi langu la vifaa nikidhani tutazungumza mafundi kwa mafundi. Akavitoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya gazeti. Akashika patasi ya meno sita.

"Bosi, hivi vyote ni vya kutengeneza nini?"

"Pochi."

Akavirudisha taratibu begini, kwa adabu ile anayoitumia akiambiwa habari za msiba. Kisha akanionyesha panchi yake. Ni mrija wa chuma alioukata mahali, akaunoa ncha kwa tupa. Akatoboa tundu kwenye kipande cha ngozi ya kiatu kilichokuwa chini. Tundu safi. Nilitafuta kasoro, sikuiona.

Ndipo aliponiambia kilichokuwa moyoni. "Bosi, kuna jambo nilitaka nikwambie siku nyingi, naona haya. Tundu moja mimi natoza shilingi mia tano. Toka ulipoanza kutoboa bure kule nyuma, hawaji. Wanapita hapa wamejishika suruali, wananisalimia, wanakwenda kwako. Unaniharibia soko."

Sasa hebu fikirini. Mimi ninayesumbuliwa, ninayekatizwa, ninayenyang'anywa jioni zangu, kumbe ndiye ninayemdhulumu mwenzangu. Nimepoteza utulivu wangu na yeye amepoteza riziki yake, na waliofaidika ni wale wenye matumbo yasiyo na msimamo. Tumekubaliana: kuanzia sasa kila anayetaka tundu nampeleka mwarobaini. Fundi naye atanipelekea yeyote anayetaka mkanda wa ngozi ya magome, wa mgongo, unene wa milimita tatu na nusu, ulioshonwa kwa mkono na kusuguliwa kingo. Mpaka naandika hapa hajaleta mtu, lakini nasikia anawatajia wateja wake habari zangu, akitaka kuwachekesha.

Tangazo langu la kuacha kutoboa lilipokelewa vibaya zaidi na ukoo. Tuna harusi mwezi ujao, na kamati ilishakaa. Kwenye kikao, nisipokuwepo, ilipitishwa kwamba kwa kuwa "Mzee anatengeneza mikanda yeye mwenyewe", mchango wangu utakuwa mikanda ya bwana harusi, msimamizi wake na vijana wanane wa kumsindikiza. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hii ngoma walikuwa wanaiwambia ngozi yangu. Nilimpigia mweka hazina, ambaye ni binamu yangu, nikampa hesabu: ngozi ya mgongo ya mikanda kumi, mabizimu kumi ya shaba, uzi, nta, na jioni zangu zote mpaka siku ya send-off. Akanisikiliza vizuri. Akasema, "Sawa kaka, tumeiweka elfu hamsini." Nikamuuliza elfu hamsini imetoka wapi. Akasema mikanda Kariakoo ni elfu tano tano, mara kumi.

Nikaona isiwe taabu. Nikatuma elfu hamsini kwa simu, nikamwandikia kwamba huo ndio mchango wangu, mikanda wanunue popote wapendapo, hata ile ya karatasi ya boksi. Akajibu kwa alama ya dole gumba. Jioni orodha ya michango ikatoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, majina yote na tarakimu, na mimi nimo, nafasi ya kumi na moja, chini ya shangazi wa Korogwe:

"Fundi Mikanda: 50,000 (amelipa). Bado tunamdai mikanda 10."